Mama mkwe anasaga jani zima la shubiri, nami nina mimba. Ninywe?

Shangazi, shikamoo.

Mwanangu wa miaka sita alimwagikiwa na maji ya moto kwenye mkono. Mama mkwe, ambaye sasa anaishi nasi, alitoka nje, akakata jani la shubiri, akalipasua na kumpaka ule ute wake. Mtoto akanyamaza. Kidonda kikafunga vizuri, na leo hata kovu halionekani. Nilimshukuru kwa moyo wote, na sijutii kumshukuru.

Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo shubiri imekuwa daktari wa nyumba nzima. Kila usiku kabla ya kulala mama hukata jani, huliosha, hulikatakata pamoja na ganda lake, hulitia kwenye blenda na maji, kisha huongeza asali nyingi kwa sababu bila asali halimezeki. Anakunywa kikombe kizima. Anasema anasafisha damu. Alfajiri anakwenda chooni mara tatu, mara nne, na anafurahi kwamba uchafu unatoka. Amepungua mwili, jambo ambalo nalo linamfurahisha. Lakini naona amelegea, na mara nyingi analalamika kuwa misuli ya miguu inambana. Ana presha, anatumia vidonge, kimoja kati yake ni kile cha kukojoa.

Sasa zamu imetufikia. Mtoto anasaga meno usiku, kwa hiyo mama ameamua ana minyoo na apewe nusu kikombe. Mimi nina mimba ya miezi minne, na tangu nianze vidonge vya kuongeza damu choo kimekuwa kigumu mno. Mama ananitengenezea kikombe changu kwa mapenzi kabisa. Nakipokea, naingia nacho chumbani, halafu nakimwaga kwenye sinki. Naogopa siku atakayonikuta.

Mume wangu anasema, "Mama alitulea na hiyo hiyo, na sisi hawa hapa." Mama naye anasema dawa ni uchungu. Sitaki nionekane namdharau mzee aliyemponya mwanangu. Nifanyeje?

Na kabla sijasahau: dada yangu anapaka shubiri kwenye nywele, anasema zinaacha kukatika. Ni kweli?

Mkwe wa sinki

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na yale yasiyoweza kungoja. Wewe usinywe kikombe hicho, hata tone. Mtoto asipewe. Na mama mkwe wako aonwe na daktari wiki hii hii, akiwa amebeba vidonge vyake vyote mkononi na akiwa tayari kueleza anachokunywa usiku. Akianza kusikia moyo unapiga vibaya, au akazidi kulegea mpaka kusimama kunamshinda, msisubiri miadi, mpelekeni wakati huo huo.

Sasa tuketi tuzungumze, maana sitaki uondoke hapa ukidhani mama mkwe wako hajui kitu. Anajua. Alichofanya kwenye mkono wa mtoto ni mojawapo ya matumizi ya shubiri yaliyodumu muda mrefu kuliko karibu dawa zote tulizonazo. Imetajwa katika maandishi ya tiba ya Misri ya kale yanayokadiriwa kuwa ya mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya 1, aliandika kwamba inafunga vidonda na pia kwamba inaendesha tumbo. Zingatia kwamba aliyataja yote mawili, kwa sababu hapo ndipo penye ugomvi wa nyumba yenu.

Chukua jani moja nene, likate sehemu ya chini, kisha lisimamishe kwenye glasi, upande uliokatwa ukielekea chini. Usifanye kitu kingine, tazama tu. Baada ya muda mfupi utaona majimaji ya manjano, wakati mwingine yanakaribia rangi ya kahawia, yanateremka taratibu kwenye kuta za glasi. Yanuse. Ukitaka kuwa jasiri yaguse kwa ncha ya ulimi kisha uteme, nawe utajua kwa nini watu husema kitu ni chungu kama shubiri. Huo ni utomvu, na unakaa kwenye tabaka jembamba chini tu ya ganda. Ukishachuruzika, menya ganda. Ndani utakuta kitu kingine kabisa: ute mweupe unaong'aa, unateleza, hauna ladha ya kutisha, na karibu asilimia 99 yake ni maji.

Jani ni moja, dawa ni mbili. Ute ndio uliompoza mtoto. Utomvu ndio unaomwamsha mama alfajiri.

Ndani ya utomvu kuna kemikali iitwayo aloini. Ukiimeza, inapita tumboni bila kufanya lolote la maana, inasafiri mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanaivunja na kuigeuza kuwa kitu kinachouchokoza utumbo usukume na kumwaga maji. Safari hiyo huchukua kama saa 6 hadi 12. Ndiyo maana kikombe cha usiku kinaita kabla jua halijachomoza. Kinachotoka si uchafu wa damu, mwanangu. Damu inasafishwa na ini na figo usiku na mchana, wala haipitii utumbo mpana kwenda kuogeshwa. Kinachotoka ni kinyesi cha kawaida, maji, na madini ambayo mwili ulikuwa unayahitaji. Hata huo mwili uliopungua, sehemu kubwa ni maji, na yatarudi akinywa.

Kati ya madini hayo lipo la potasiamu, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi juu ya mama. Vingi kati ya vidonge vya presha vinavyokojoza huondoa potasiamu kwa njia ya mkojo. Shubiri inaiondoa kwa njia ya choo. Ni watu wawili wanaochota kwenye mtungi mmoja na hakuna anayejaza. Potasiamu ikishuka, misuli inabana, mwili unalegea, na ikishuka zaidi mapigo ya moyo yanavurugika. Sisemi kwamba ndicho kinachombana miguu, kwa kuwa sijamwona, na miguu ya mzee ina sababu nyingi. Lakini ni kipimo cha damu cha kawaida tu, na daktari anayejua kuhusu kikombe ataomba kifanywe. Asiyejua anaweza kuandika dawa ya maumivu ya misuli na kumrudisha nyumbani kwenye blenda. Kama katika vidonge vyake kimo cha moyo kiitwacho digoksini, haraka iwe mara mbili, kwa sababu potasiamu ikipungua dawa hiyo hugeuka kuwa hatari hata kwa kipimo kilekile cha kila siku. Na vidonge vyenyewe asiviache. Kinachoachwa ni kikombe.

Mumeo anasema mama aliwalea na hiyo hiyo. Hoja yake si ya kudharau, ila muulizeni mama mwenyewe: siku zile alikuwa akiwapa kiasi gani, na mara ngapi? Nina hakika hakuwa na blenda. Kwa karne nyingi utomvu huu uliuzwa mbali na ulikotoka. Kisiwa cha Socotra katika Bahari ya Hindi kilijulikana kwa biashara hiyo. Ulikusanywa, ukakaushwa mpaka ukawa mabonge meusi, na mtu mzima aliyefunga choo alipewa kipande kidogo sana, mara moja, basi. Wazee walijua huu ni mkali. Na hata mtu ambaye hakuambiwa na yeyote alikuwa na mlinzi wake mdomoni, kwani uchungu wenyewe ulimzuia. Huwezi kunywa kikombe kizima cha utomvu mtupu, koo litakataa. Sisi tumekuja na mashine inayosaga ganda, utomvu na ute kwa pamoja, tukatia asali mlinzi asisikike, kisha tukageuza dawa ya siku moja kuwa kinywaji cha kila siku. Hapo hatufuati mila ya wazee. Hiki ni kitu kipya kilichovaa nguo zao.

Hata wataalamu wa leo hawaukatai utomvu moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mimea dawa wa mwaka 1999, liliutambua utomvu uliokaushwa kuwa dawa ya muda mfupi kwa mtu aliyefunga choo. Lakini likaweka mipaka: asipewe mtoto aliye chini ya miaka 10, asipewe mjamzito, na isiwe dawa ya kuendelea wiki baada ya wiki bila mtu wa afya kusimamia. Mwaka 2002 Marekani iliondoa madukani dawa za kuendesha zenye shubiri zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu watengenezaji hawakuwa wamewasilisha ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Na taasisi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza saratani, IARC, imeliweka dondoo la jani zima, yaani dawa iliyokamuliwa kutoka jani lote, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, baada ya panya waliokunywa dondoo hilo kwa miaka miwili kupata uvimbe kwenye utumbo mpana. Panya si mama mkwe, nami sikuambii haya umtishe. Nakuambia ujue kwamba neno "jani zima", ambalo siku hizi linatangazwa kama sifa, ndilo la kuogopa.

Wapo pia watu walioumwa ini baada ya kunywa bidhaa za shubiri kwa muda, wakapona walipoziacha. Ni wachache, ila wapo.

Tuje kwako. Utomvu huu ukiuchokoza utumbo unaweza kuamsha mikazo ya mfuko wa uzazi pia, na kuharisha kunakukausha maji wewe na mimba yako. Hakuna kipimo kidogo ninachoweza kukupa nikalala usingizi. Habari njema ni kwamba tatizo lako umelieleza mwenyewe bila kujua: choo kimekuwa kigumu tangu uanze vidonge vya kuongeza damu. Ni kawaida ya vidonge hivyo, na mimba yenyewe huulegeza mwendo wa utumbo. Usiviache. Mwambie nesi wa kliniki waziwazi kwamba vinakufungia choo. Anaweza kukubadilishia aina au utaratibu wa kumeza, na zipo dawa za kulainisha choo ambazo wajawazito hupewa. Huku nyumbani ongeza maji, ongeza vyakula vyenye nyuzinyuzi, tembea kidogo kila siku, na choo kikikuita usikicheleweshe.

Mtoto na minyoo ni jambo la dakika chache. Kusaga meno usiku peke yake si ushahidi wa minyoo, watoto wengi husaga bila kuwa nayo. Kama una shaka, apimwe choo. Ikionekana ipo, kuna dawa za minyoo ambazo mara nyingi ni kidonge kimoja, mara moja. Kumharisha mtoto wa miaka sita si kuitoa minyoo, ni kumtoa maji. Hili liwaguse na wale wanaopaka utomvu kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa: akilamba wa kutosha, tumbo lake dogo litaendesha.

Nilichokuwa nakusubiria kukieleza zaidi ni ngozi, kwa sababu huko ndiko mama mkwe wako ana haki zake. Majaribio ya kitabibu, ingawa mengi ni madogo, yanaelekea kuonyesha kwamba kidonda cha kuungua cha juujuu kikipakwa ute wa shubiri hupona mapema kidogo. Unapoza, unaifanya ngozi isikauke, na wengi husikia nafuu papo hapo. Lakini hatua ya kwanza baada ya kuungua ni maji: maji safi ya bomba, ya ubaridi wa kawaida, yakitiririka juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, mafuta hapana. Maji yale huondoa joto linaloendelea kuunguza chini ya ngozi hata baada ya chanzo kuondoka. Shubiri huja baadaye, na huja pale tu ambapo ngozi haijachanika na kidonda ni kidogo kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Kiganja cha mtoto wako, si chako. Malengelenge msiyapasue. Mtu akiungua usoni, kwenye kiungo, viganjani, nyayoni au sehemu za siri, au ngozi ikawa nyeupe au nyeusi na haisikii maumivu, au ameunguzwa na umeme au kemikali, apozwe kwa maji kisha apelekwe hospitali bila kupakwa kitu. Ila wa umeme, zimeni kwanza umeme kabla ya kumgusa.

Kukata jani nako kuna adabu yake. Chagua majani ya nje, yaliyokomaa, uache ya katikati yaendelee kukua. Osha jani, lisimamishe lichuruzike kwa robo saa hivi, menya ganda, kisha suuza ute mpaka usione manjano tena. Utomvu uliobaki ndio huwawasha watu wengi, halafu wanasema shubiri imewakataa. Kama hujawahi kuipaka, jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono na usubiri mpaka kesho. Ute uliobaki hukaa kwenye friji siku chache tu. Ukibadilika rangi au harufu, mwaga, na huo ndio utakaokuwa na ruhusa ya kuingia kwenye sinki.

Tena hakikisheni mnachokata ni shubiri kweli. Kuna aina zaidi ya 500 za jamii hii, na si zote ni dawa. Ipo moja inayoota Kenya na Tanzania, Aloe ballyi, ambayo ina sumu halisi, jamaa ya ile sumu ya mmea wa hemloki inayojulikana katika historia. Na baadhi ya mimea ya jamii ya mkonge hufanana na shubiri kwa mbali, ila maji yake huwasha ngozi vibaya. Mmea usioujua vizuri usiutie hata kwenye mkwaruzo.

Wapo wanaoinywa kwa ajili ya kisukari. Majaribio machache yameonyesha sukari ikishuka kidogo. Kwa mtu anayetumia dawa za sukari hiyo si habari njema hata kidogo, maana vikikutana viwili inaweza kushuka kupita kiasi. Kwa anayeacha dawa ili anywe shubiri, sina hata la kusema.

Sasa mama mwenyewe. Usimwendee na maneno ya saratani wala ya panya. Mwendee na mkono wa mtoto. Mwambie, "Mama, dawa uliyompaka mjukuu wako ilimfaa sana, nataka unifundishe kulikata jani." Mpe kisu, mpe glasi, simamisheni jani pamoja, na muache aone ule umanjano ukishuka. Muulize yeye, "Huu wazee walikuwa wanaupima vipi?" Nadhani atakumbuka mengi kuliko nilivyoandika hapa, na mtu akikumbuka mwenyewe hahisi kushindwa. Kazi ya shubiri ya ngozi mwachie kabisa, iwe cheo chake nyumbani.

Kikombe chako acha kukimwaga kwa siri, kwa sababu kila unapokirudisha kitupu unampa ushahidi kwamba dawa inafaa, na cha mtoto kitafuata. Mweleze nesi habari hii kwanza, kisha urudi na neno la kweli: "Mama, kliniki wamenikataza kunywa hii mpaka nijifungue." Au bora zaidi, mwombe akusindikize. Mabinti wenye mimba husindikizwa na mama zao, hakuna atakayeona ajabu, naye atalisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Suala la presha na vidonge usilibebe wewe. Hilo ni la mumeo. Yeye ndiye aliyelelewa na shubiri, basi yeye ndiye ampeleke mama yake akapimwe damu, na aseme mbele ya daktari kila kinachoingia kwenye blenda, asali ikiwemo. Akikuambia hana nafasi, msomee barua hii kuanzia pale penye mtungi.

Ama nywele: Dioscorides yule yule aliandika kwamba shubiri iliyochanganywa na divai huzuia nywele kunyonyoka, kwa hiyo dada yako ana kampani ya miaka 2000. Ushahidi wa leo kwamba inakuza nywele ni hafifu. Kichwa kikavu kinachowasha kinaweza kupata nafuu, nywele zikalainika na kupitisha chanuo kwa urahisi, na nywele zisizovutwa kwa nguvu hazikatiki sana. Nadhani hicho ndicho anachokiona. Apake ute uliosuuzwa, asiache manjano, na aoshe akimaliza. Nywele zikianza kutoka kwa mabaka, au ngozi ya kichwa ikatoa magamba na vidonda, aende akaonwe.

Shangazi